Anko Rimoti Anajibu: Mheshimiwa bila king'ora

Toleo lililopita niliandika vimistari vichache tu hapa kuhusu sizoni ya sita ya Veep, ile komedi ya Marekani, nikasema ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa sababu mhusika mkuu, mama mmoja anaitwa Selina, kanyang'anywa urais na sasa hajui afanye nini akiamka asubuhi. Basi nimekoma. Meseji zimekuja mpaka nikazima data. Nimechagua hizi, zingine zilikuwa zinauliza kitu kile kile, na zingine zilikuwa matusi matupu (mnajijua).

Shikamoo Anko. Mi hiyo Veep sijawahi kuiona, nasikia tu mume wangu anacheka peke yake sebuleni saa sita usiku. Inahusu nini hasa, na naweza nikaanzia hapo hapo sizoni ya sita? — Mama Wawili, Tabata

Marahaba mama. Hapana, usianzie hapo, utaona mwanamke mmoja mkali anagombeza watu halafu utauliza kosa lao nini.

Iko hivi. Selina Meyer alikuwa seneta wa Maryland, akautaka urais akakosa, akapewa umakamu wa rais. Na umakamu kwa wenzetu kule ni kazi ya kusubiri simu. Kila siku anaingia ofisini anamuuliza sekretari wake, rais kapiga? Hajapiga. Hicho kichekesho kinarudiwa sizoni nzima na hakichoshi, na huyo rais mwenyewe hatumuoni hata mgongo. Baadaye rais anajiuzulu, Selina anaupata urais bila kupigiwa kura, anakwenda kwenye uchaguzi, kura za wajumbe wa majimbo, ambao kule ndo wanaomchagua rais, zinagongana 269 kwa 269, kesi inapelekwa Bungeni, na baada ya vurugu ambazo sitakumalizia hapa anajikuta nje na kiti kakalia mwanamke mwingine, Laura Montez. Sizoni ya sita inaanza mwaka mmoja baada ya hapo.

Ziko episodi 65 kwa jumla, sizoni saba, 2012 mpaka 2019, na kila moja ni kama nusu saa tu. Ya kwanza ina episodi 8. Ukianza Ijumaa usiku na huyo huyo mume wako, Jumapili mchana mtakuwa mmeshafika mbali na utaelewa alikuwa anacheka nini.

Anko nakuheshimu ila hapo umetulisha matango pori. Sizoni ya sita imepwaya. Hakuna Ikulu, timu yote imetawanyika, huyu yuko huku yule yuko kule, hadithi haina kamba. Iannucci alivyoondoka na utamu ukaondoka. — Mkosoaji, Mikocheni

Ndugu yangu nusu ya ulichosema nakubali. Ni kweli Armando Iannucci aliyeianzisha aliondoka baada ya sizoni ya nne, akaja David Mandel, na ni kweli kwenye ya sita watu wametawanyika sana. Dan, msaidizi wa Selina wa zamani, yuko kwenye kipindi cha asubuhi cha runinga ya CBS anajipaka poda, Amy, msaidizi mwingine, yuko Nevada anaendesha kampeni ya mchumba wake, Jonah ni mbunge (Mungu awasaidie wapiga kura wake). Hizo stori za pembeni mi mwenyewe kuna siku nilikuwa naenda kunywa maji zikifika.

Lakini Selina jamani. Hebu tumtazame Selina.

Sizoni tano zote mlango ulikuwa unafunguliwa kabla hajaugusa. Sasa ana kaofisi South Bronx, na anayemjua Clinton atacheka mara mbili hapo, kwa sababu Bill Clinton alipotoka urais 2001 alitaka ofisi kwenye jengo la kifahari katikati ya Manhattan, watu wakapiga kelele kuhusu kodi, akaishia Harlem mtaa wa 125 na akapokelewa kwa shangwe. Selina amehamia mtaa wa watu wa kawaida vile vile ila shangwe hamna, na yeye mwenyewe mtaa wenyewe hauwezi. Ana mfuko wa hisani wenye jina lake, Meyer Fund, unaopigana na UKIMWI na pia kufundisha watu wazima kusoma, vyote viwili kwa pamoja, yaani ukiuliza vinahusiana vipi hakuna wa kukujibu. Anaandika kitabu cha maisha yake, yaani anayeandika ni Mike, yule msemaji wake wa zamani, na Mike mnamjua. Anatafuta chuo cha kumjengea maktaba ya urais kwa sababu kule ni desturi kila rais awe na maktaba, tangu ya Roosevelt ilipofunguliwa Hyde Park mwaka 1941, na urais wake yeye ulikuwa mfupi kiasi kwamba unajiuliza hayo makabati yatajazwa nini. Wanampeleka Georgia, nchi sio jimbo, kuwa mwangalizi wa uchaguzi, pande zote mbili zinampa rushwa na yeye anapiga hesabu ipi itamaliza jengo la maktaba.

Sasa niambie hicho si kichekesho.

Mi kuna kinyozi wangu, sitaji mtaa. Siku moja tumekaa kwenye benchi tunasubiri zamu, akaingia mzee mmoja aliyekuwa mbunge, vipindi viwili, akaanguka. Akasalimia wote, akaenda moja kwa moja kwenye kiti. Hakuwa na nia mbaya kabisa, miguu tu ilikuwa imezoea. Yule kinyozi, kijana wa watu, akamwambia kwa upole kabisa, "Mheshimiwa, kuna foleni." Cheo kampa, kiti kamnyima. Yule mzee akacheka, akakaa kwenye benchi pembeni yangu, akatoa simu akaanza kuibonyeza na simu yenyewe niliiona, ilikuwa imezima.

Sizoni ya sita yote ni hiyo simu iliyozima. Ndo maana napenda. Komedi za Ikulu wanazo nyingi, ila za mtu aliyerudishwa kwenye benchi ziko chache, na nyingi zinamwonea huruma. Hii haimwonei huruma hata kidogo na yeye haombi. Mwanzoni tu anataka kugombea tena na watu wake wa karibu ndo wanaomwambia aache, na uso wa Julia Louis-Dreyfus, anayemuigiza Selina, pale, nusu anatabasamu nusu anataka kuua mtu, mi naona ndo uliompa tuzo. Maana alizipata Emmy, zile tuzo kubwa za runinga za Marekani, sita mfululizo kwa huyo Selina mmoja, 2012 hadi 2017, na ya mwisho ni ya sizoni hiyo hiyo unayosema imepwaya.

Halafu Gary. Yule anayembebea Selina begi kubwa, lenye jina lake kabisa, Leviathan, ndani kuna lipstiki, dawa, biskuti, vitambaa, kila kitu. Bosi akiwa makamu wa rais unaelewa, mtu anayekunong'oneza sikioni majina ya wageni ni kazi. Sasa bosi ni raia wa kawaida na Gary bado yuko pale na begi. Analipwa nini, anabaki kwa ajili ya nani? Wengi wameondoka kutafuta maisha, yeye kabaki, na Richard, yule mpole asiyekasirika. Ukitaka kujua mtu aliyestaafu siasa ana nini mkononi angalia nani bado anambebea begi. Mwisho wa Gary upo sizoni ya saba na siusemi hapa, ila weka leso karibu.

Selina ni chama gani? Mi nasema Democrat, jamaa yangu anasema Republican, tumewekeana soda. — Wa Soda, Ilala

Hakitajwi. Sizoni saba, hakitajwi hata mara moja, wamekwepa makusudi. Kila mtu anunue soda yake.

Anko mbona wanamuonyesha kama anahangaika hela, kila saa harambee ya maktaba? Rais wa Marekani akistaafu si analipwa mpaka anakufa? — Mhasibu, Arusha

Analipwa. Pensheni sawa na mshahara wa waziri, sasa hivi ni zaidi ya dola 200,000 kwa mwaka, na ofisi juu, na wafanyakazi, na walinzi maisha yote. Maktaba ndo wanachangisha wenyewe kwa watu binafsi, serikali inakuja kuitunza baadaye. Kwa hiyo kuhangaika kwa Selina si kwa ugali, ni kwa jina.

Ila zamani ilikuwa hadithi nyingine na hii nitaisimulia kwa sababu ni tamu. Rais Harry Truman alitoka Ikulu Januari 1953. Pensheni ya urais haikuwepo, alikuwa na ya jeshi tu, dola 112 na senti 56 kwa mwezi. Walinzi hakuna. Kiangazi cha mwaka ule ule akampakia mkewe Bess kwenye Chrysler lao, wakaendesha wenyewe kutoka Independence, Missouri, mpaka New York na kurudi, wanalala moteli za njiani, na kule Pennsylvania askari wa barabarani akawasimamisha kwa sababu mzee alikuwa anajikokota kwenye leni ya kupitana na magari yamejipanga nyuma yake. Fikiria wewe ni huyo askari, unainama dirishani na daftari lako, unaona ni nani.

Stori za umaskini wa Truman ndo zilizosukuma sheria ya mwaka 1958 ya kuwalipa marais wastaafu, dola 25,000 kwa mwaka kwa kuanzia. Sasa sikia. Mwaka 2021 profesa mmoja wa sheria, Paul Campos, akachapisha alichokikuta kwenye makaratasi ya hesabu za mzee, kumbe alitoka Ikulu na mamia ya maelfu ya dola, na kitabu cha kumbukumbu zake akakiuza kwa dola 600,000! Mzee alilia njaa nchi nzima ikamwonea huruma na Bunge likafungua pochi. Wangempa Selina hiyo ingekuwa episodi mbili.

Na walinzi nao walikuwa wamekatwa kidogo, sheria ya miaka ya 90 ikasema marais wapya wapewe miaka kumi tu, halafu Januari 2013 Obama akasaini kurudisha ya maisha yote. Naye alikuwa amebakiza kipindi kimoja, sina la kuongeza.

Wambaje Anko. Huku kwetu wazee wastaafu tunao tele na vituko tele, mbona hatuna komedi yao? Twaogopa? — Msema Kweli, Kisauni

Salama kabisa. Kuogopa kupo lakini nyinyi Wakenya msijitie kwenye hilo kapu sana. Mwishoni mwa miaka ya 90 Moi bado yuko Ikulu, vijana watatu wa Redykyulass walikuwa wanamuigiza runingani na nchi ilikuwa inakaa kimya kidogo halafu inacheka. Mwaka 2009 mkapata XYZ Show, vile vikaragosi vya mpira, na aliyekianzisha ni Gado mchora katuni, ambaye ni Mtanzania wa kuzaliwa (huku tunalitaja hilo kila tukipata nafasi). Kwa hiyo kumcheka mwenye kiti mmeshaweza. Ila wote hao walimcheka mtu akiwa kwenye siasa, jukwaani, na rungu mkononi. Mzee aliyeko nyumbani saa nne asubuhi, anatafuta miwani, hajaandikwa na mtu.

Na sheria yenu ya mwaka 2003 ya mafao ya rais mstaafu ni komedi tayari, mtu aongeze waigizaji tu. Asilimia 80 ya mshahara, magari, ofisi, wafanyakazi, ila asiwe na cheo kwenye chama cha siasa zaidi ya miezi sita baada ya kutoka. Hebu mweke hapo mzee aliyeishi chamani miaka arobaini. Miezi sita imeisha, kalenda iko ukutani, simu inaita, na mlangoni kasimama katibu wa tawi na kilio chake. Anatoka au anajificha chooni?

Kwetu huku tatizo ni lingine. Huku mtu hastaafu hasa, anaongezewa jina. Ukisema "Rais Mstaafu" hicho ni cheo kipya kabisa, kina kiti chake mbele na kina itifaki. Na mfano wa kwanza tuliopewa ulikuwa mzito mno, Mwalimu aliondoka madarakani 1985, akabaki na uenyekiti wa chama mpaka 1990, akawa anaenda zake Butiama shambani, na mpaka mwaka 1999 anafariki alikuwa bado ameshika usuluhishi wa Burundi. Sasa nani ataanza kuandika vichekesho juu ya hapo? Ukiweka mzee na jembe watu wanasimama.

Ndiyo maana mi naona kama ni kuanza tuanzie chini. Mkuu wa wilaya mstaafu. Naibu waziri wa miezi minane. Yule amerudi nyumbani na kaunda suti kumi na nne, mke ana duka lake na hamhitaji, watoto wamezoea kuishi bila yeye, na kila akiona watu zaidi ya sita wamekusanyika, iwe msiba iwe foleni ya maji, anasafisha koo. Mwandishi akitokea mi nafasi ya kinyozi naomba, bure.

Anko shikamoo. Hii si ya utani sana. Baba yangu alikuwa diwani miaka kumi, kura za maoni zikamuangusha na mtu aliyemfundisha siasa mwenyewe. Tangu hapo anaamka saa kumi na mbili, ananyoosha shati, anakaa barazani na simu zake mbili. Mama anasema tumuache. Nilivyosoma ulichoandika nikafikiria nimuwekee hiyo Veep aangalie acheke, niko likizo nyumbani mwezi huu. Atacheka au nitamuumiza? — Binti wa Diwani, Morogoro

Marahaba mwanangu. Nimesoma meseji yako mara tatu.

Kwanza la haraka. Veep na baba yako, hapana, na sababu haihusiani na siasa. Hiyo komedi ina matusi. Sio matusi ya kuteleza, matusi ya kutungwa, marefu, yana vibwagizo, na Jonah peke yake anatukanwa kwa namna ambazo mi mtu mzima nimejifunza vitu. Utakaa sebuleni na mzazi wako, sabtaito inapita pale chini, nyote mnaangalia ukuta. Hapana kabisa.

La pili, kama ataumia. Mi nadhani watu kama baba yako hawaumizwi na kuona mtu aliyeanguka, hao wameangalia matokeo ya uchaguzi maisha yao yote. Kinachowauma ni kuongeleshwa kwa sauti ya mgonjwa. Hizo simu mbili, kuna anayezipiga? Kama hakuna, mpigie wewe, ukiwa ndani, yeye yuko barazani, muulize kitu cha kata. Lile daraja lilijengwaje, nani alikataa kutoa kiwanja, kura ngapi zilitofautisha. Usimuulize anajisikiaje.

Na kama bado unataka muvi ya kuangalia naye, ipo moja ya mwaka 2004, Welcome to Mooseport. Gene Hackman ni rais wa Marekani aliyemaliza muda wake, ametoka na talaka juu, mke kachukua nyumba, anahamia kamji kadogo Maine alikokuwa na nyumba ya likizo. Wanakijiji wanamuomba agombee umeya, anakubali akijua atapita bila kupingwa, kumbe kuna mwenye duka la vifaa vya ujenzi naye kachukua fomu. Si muvi kubwa, wakosoaji wakati ule waliikandia na ndiyo muvi ya mwisho Hackman aliyocheza kabla ya kuacha uigizaji. Ila ni ya upole, na kuna mzee mwenye timu nzima ya kampeni ya kitaifa anapanga mikakati ya kumshinda huyo mwenye duka. Tahadhari moja tu, mwanzoni kabisa kuna babu wa kijiji anakimbia mazoezi uchi, anaonekana kwa nyuma. Dakika hizo amka kalete chai.

Halafu kaa kimya umsikilize. Nakuhakikishia haifiki nusu saa atakuwa ameshaanza, huyu hapa kakosea, mtaa huu hakuupitia, huyo meneja wake wa kampeni hafai. Niandikie alichosema, hasa kuhusu mdahalo wa wagombea hao wawili wa umeya, nataka kujua diwani wa miaka kumi anauonaje.